Unga Usiowaka

"Giza tupu, Mjomba."

Mkemia alizungusha kisahani tena, akakaza macho. Mwali wa leza, ule usioonekana, ulikuwa unapiga unga wa manjano. Unga ukifaa, mwanga hutoka kijani. Hakikutoka kitu.

"Usivunjike moyo, mpwa wangu." Mjomba aliuchota unga akautia kichupani. "Nitautupa mimi. Wewe buni mwingine."

Buni mwingine! Alikuwa amebuni mpaka anaota molekuli usingizini. Tabu yake, zikiganda hupenda kulala mzungu wa nne, hii kichwa huku, ile kichwa kule, nguvu zao zikauana. Alizibandika mkia ubavuni ili zisigeuke, zilale zote upande mmoja. Kwenye karatasi zilitii. Humu ndani, wapi!

Na Mjomba, mwenye maabara, aliyemsomesha, alishasema: haondoki mpaka upatikane unga unaowaka. Huko kwao mwanawe alishaanza kumwita bibi yake mama. 

Chumba chenyewe kabati tu, hakina hata dirisha. Miwani ya kinga huvaliwa kabla ya kuingia. Yake ilikuwa ya rangi ya chungwa; ya Mjomba, vioo vyeupe.

"Yako ndiyo imara," Mjomba alipenda kumwambia. "Macho yako ndiyo mtaji wetu."

Hata kitaa cha juu ya mlango, kwa ndani, cha kuonyesha njia ya kutokea, kilikuwa kimekufa tangu aanze kazi. Fundi atakuja, fundi atakuja, mpaka akachoka kuuliza.

Simu ya Mjomba iliita. Akaitundika miwani yake kwenye msumari wa mlangoni, akatoka anaongea.

Mkemia aliinama kufuta kisahani, na mkanda wa miwani yake ukakatika. Miwani ikaanguka. Alifumba macho chapuchapu, akapapasa ukuta mpaka kwenye msumari. Akavaa ya Mjomba, akafumbua.

Kitaa cha mlangoni kilikuwa kinawaka, kijani.

Aliiokota ya chungwa, akakitazama kupitia kioo chake: kikafa; akaiondoa: kikawaka. Kisha akageuka mezani, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Chembe za unga uleule Mjomba aliosema atautupa, zilizosalia kwenye kisahani, zilikuwa zinang'aa kijani, ukuta mzima umepata rangi.

Mjomba aliporudi, miwani yake ilikuwa msumarini. Mpwa wake alikuwa amesimama penye kisahani kilichofutwa, miwani ya chungwa usoni, mkanda umepigwa fundo.

"Vipi?"

"Giza tupu, Mjomba. Ila kesho niruhusu nikamwone mwanangu, siku moja tu. Nitarudi."

"Haya, mama. Siku moja."

Alimshukuru, akapita mlangoni akichechemea kidogo, maana karatasi yenye fomula ya unga ule, aliyoikunja, ilikuwa inamkwaruza ndani ya kiatu.