Mama Taa

Salha alipokuwa jikoni, mumewe Mbwana alimfungua mhusika wa mkewe katika mchezo wa mtandaoni, akashangaa. Pointi zote za nguvu mke wake alikuwa amezitia kwenye taa. Upanga haukuwa na hata moja. Mbwana alipiga hesabu, akazifuta na kuzigawa upya, nyingi kwa upanga. Onyo lilisema mgao wa zamani haurudi. Akakubali.

Salha alirudi, akaketi, akaingia pangoni na wenzake. Sauti zao zilijaa spika.

"Mama Taa, tuwashie bwana, tunakanyagana huku!"

Alibonyeza kitufe cha taa. Giza lilibaki vilevile.

"Shoga, umelala? Tunamalizwa!"

Alibonyeza tena. Wenzake wakaanguka mmoja mmoja, wakipiga kelele. Salha akamgeukia mumewe.

"Umegusa kitu humu?"

"Mimi? Labda mtandao," alisema Mbwana, na masikio yakamwaka moto.

Salha alimtazama, kisha akakisogelea kipaza sauti.

"Nisameheni, jamani. Kosa ni langu."

Kwenye kioo cheusi ulimeremeta upanga peke yake, na kidole cha mkewe kilikuwa bado juu ya kitufe cha taa.