Maji ya Kisima cha Saba

Uani kwa Asnath, vijikaratasi sita vya kupimia maji viligeuka bluu, ishara ya usalama. Cha saba kilibaki cheupe pe.

"Kisima hiki cha saba kina sumu ya kuulia wadudu," mtafiti akasema. "Mama, ulisema kweli."

Asnath nusura aruke kwa furaha. Kwa miaka miwili aliwaambia majirani kwamba maji yale yanaumiza watoto, wakamcheka. Ndiyo maana alijitolea kuwachotea watafiti sampuli za visima vyote vya kijiji.

"Kuna kitalu cha tumbaku karibu?" mtafiti akauliza. "Miche yake hupuliziwa sumu hii."

"Kipo, mteremkoni juu ya kisima tu. Miche hutaka maji."

"Cha nani?"

Asnath alitazama kucha zake, zilizokuwa bado na udongo wa kumwagilia miche asubuhi ile.

"Changu," akasema, akatwaa jembe kwenda kuing'oa miche. "Waiteni wote waje waone."