Mikono Iliyosuka Wimbi

"Ukili wote huu umeusuka wewe mwenyewe?" mwandishi wa habari aliuliza.

"Mimi mwenyewe," alijibu msanii.

Juu ya vichwa vyao, katika ukumbi wa maonyesho, lilining'inia wimbi kubwa la ukili, mikanda iliyosukwa kwa majani ya mkindu, limetanda kutoka ukuta hadi ukuta. Umbo lilikuwa lake: yeye ndiye aliyelibuni, akaushona ukili kama ushonwavyo mkeka na kuufunga kwenye nyaya. Lakini ukili wenyewe ulisukwa nyumbani kwa wazazi wake, ukaletwa mzigo baada ya mzigo, naye hakwenda kuuchukua hata mara moja. Kazi ilimbana, tena kule alikuwako baba.

Baba alikuwa hajamsemesha tangu alipoacha ualimu. "Mwalimu mzima unachezea majani!" alimwambia siku ile, akamfungia mlango.

Mama aliingia ukumbini peke yake, mikono ameificha ndani ya mtandio. Akasimama chini ya wimbi, akatazama juu.

"Umekonda, mama."

"Na wewe umenenepa. Tumegawana vizuri."

Msanii alicheka. Lakini nafsi ilimsuta. Mama wa watu amekesha akimsukia, naye anamnyima hata shukrani! Alipoitwa kuwahutubia wageni, alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nimesema uongo," alisema. "Sikusuka hata ukili mmoja. Aliyesuka ni mama yangu, yule pale. Mama, unisamehe."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mama peke yake hakupiga. Alikuwa analia, na binti yake aliposhuka jukwaani alimkumbatia, akidhani ni machozi ya furaha.

"Mwanangu, umenivika nguo isiyo yangu," mama alinong'ona.

Akaitoa mikono ndani ya mtandio. Vidole vilikuwa vimepinda na kukakamaa.

"Hivi vimegoma tangu mwaka jana, kabla kazi yako haijaanza. Nilimfundisha mtu kusuka, akanikataza nisikwambie."

"Mtu gani, mama?"

"Baba yako. Yuko nje, getini. Anasema hakualikwa."