Habari za Safari

Sheria ni moja: meli ya kitalii hairudi bandarini maadamu kuna abiria hata mmoja anayefurahia. Tulilipia siku saba. Huu ni mwezi wetu wa tano baharini, na dawa za presha za mama zimekwisha.

Jana abiria wote tulikubaliana. "Mama, meli ikikuuliza, sema mbaya. Basi."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Asubuhi ukuta wa chumba ukauliza kwa upole, "Shikamoo, Bi Mwanahawa. Habari za safari?"

Mama hakuweza hata kuketi. Akanishika mkono.

"Marahaba, baba. Nzuri," akasema, "ila naumwa..."

Ukuta ulishashukuru. Injini zikaongeza kasi. Kwenye korido milango ikaanza kufunguliwa, mmoja mmoja, watu wakiulizana ni nani aliyejibu.