Kaa wa Mwanakombo

Katika mkahawa ule mkongwe wa kaa, wapishi huchota kumbukumbu ya mlaji na kuigeuza chakula. Ikiliwa yote, mwenyewe humsahau hata yule aliyempikia chakula hicho zamani. Ndiyo maana kila mlaji hubakiza gando moja.

Makame alitaka mkewe, Siti, aonje kaa mtamu kuliko wote aliowahi kula. Bila kufikiri mara mbili, akatoa kumbukumbu ya kaa wa nazi wa marehemu Mwanakombo, mke wake wa kwanza.

Siti alionja, na utamu ule ukamchoma rohoni. Miaka saba alikuwa akimpikia mume huyu kaa, naye akisifu kwa adabu tu.

"Taratibu, mke wangu," Makame alimsihi. "Nibakizie gando."

"Kwani hujashiba naye?" Siti alijibu, akalivunja gando la mwisho na kulifyonza likabaki ganda tupu.

Makame akapepesa macho, kisha akamtabasamia kama bwana harusi. Siti akajiona ameshinda.

Walipokuwa wakinawa, simu iliita. Picha ya Ramla, binti yake Makame na Mwanakombo, ikajaa kiooni. Makame akaitazama kwa muda mrefu.

"Siti," aliuliza kwa upole, "hivi huyu tulimzaa lini?"