Pamba Juu ya Machela

Milembe alirudi kutoka kisimani akakuta mumewe ameanika pamba juu ya machela.

Machela hiyo ilikuwa ya kumfikisha hospitali ya misheni, iwapo uzazi wa nyumbani ungekwama. Alikuwa ameiomba tangu mahindi yakiwa machanga, na ilikuwa imefungwa juzi tu, miti miwili na kamba za katani.

"Uchungu ukinishika sasa hivi, utanilaza wapi? Juu ya pamba?"

"Si utajifungulia hapa kwa mama," mumewe alijibu huku akiitoa pamba takataka. "Mkunga tunaye. Wasiwasi wa nini?"

"Na yule mtoto wa kwanza alipotufia, mkunga hatukuwa naye?"

Milembe alijuta papo hapo. Mama mkwe wake, mkunga mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko.

Mama alikuja akashika mti mmoja, akaipindua machela, pamba yote ikamwagika vumbini. Kisha akaiweka sawa, akajilaza chali juu yake. Alikuwa mnene, na kamba zilinyooka mpaka zikalia.

"Mwite mdogo wako," alimwambia mwanawe. "Nipelekeni hospitali."

"Mayu, mama yangu, wewe huumwi."

"Mwite."

Wakambeba. Hata zizi la ng'ombe hawajalipita, kamba ya katikati ilikatika, na mama akaanguka kwa makalio. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Funga upya, isije ikamkatikia Milembe njiani," alisema akiwa palepale chini, anahema. "Tunaendelea."