Mita Ishirini na Tano za Mwenyekiti

Mwenyekiti wa Chama cha Wahandisi wa Meli, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, alikuwa ameikumbatia ngazi ya bwawa kwa mikono miwili. Maji yalimfika kiunoni. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, wakati Iringa nzima bado iko chini ya blanketi.

"Achia mkono mmoja, Mzee," alisema Bupe kutoka ukingoni, sweta limefungwa hadi shingoni.

"Nikiachia nitakufa."

"Hufi. Kifua kilichojaa hewa kinaelea. Vuta pumzi, uyalalie maji kama godoro."

Mzee Sedekia aliachia mkono mmoja. Ulirudi wenyewe.

Miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa injini kwenye meli za Ziwa Nyasa, na hakuwahi kulowa kupita viatu. Alilisema hilo kwa majivuno: mhandisi anayeogelea ni yule ambaye meli yake imezama. Alipostaafu alihamia mtaa wa Mlandege, Iringa, mbali na maji yoyote yasiyo ya bomba, akaanzisha kanda hiyo ya chama. Wanachama walikuwa kumi na tisa. Walikuwa na tai zenye nanga, chakula cha jioni cha kila mwaka pamoja na wanafunzi wa vyuo, na mdahalo ambao safari hii ulihusu usalama wa bahari kuu.

Ndipo barua ikaja kutoka makao makuu. Kila kiongozi aogelee mita ishirini na tano mbele ya mkaguzi. Atakayeshindwa aachie kiti.

Philbert, makamu mwenyekiti, ambaye huja vikaoni kutoka Mbeya, alicheka mpaka akakohoa, kisha akamsalimu Sedekia kwa Kihehe. "Kamwene, Chifu! Mimi nimekulia Kyela, kando ya ziwa. Hicho kiti nakuja kukichukua na basi la asubuhi."

Kikaoni hapo ni Bupe peke yake, kiongozi wa tawi la wanafunzi, aliyesimama kuwatuliza wazee. Alichora ubaoni mtu aliye majini, mishale ya uzito ikishuka, mishale ya maji ikipanda. Wazee wakanakili. Na kwao binti huyo ni Matema, ziwani kabisa. Sedekia hakuona haja ya kuuliza zaidi. Jioni ile alimpigia simu.

"Mwanangu, nifundishe. Na wasijue."

Bupe alianza kujieleza. "Lakini Mzee, mimi..."

"Usinikatalie. Mimi ni sawa na babu yako."

Basi, hakumkatalia.

Kwa wiki sita, kila Jumanne na Ijumaa, walikutana kwenye bwawa la hoteli moja njia ya Tosamaganga. Bupe alitembea ukingoni akitoa amri. "Miguu, Mzee! Usipige mateke kama unafukuza kuku!" Akiombwa aingie aonyeshe mfano, mara ana mafua, mara kasuka nywele jana. Sedekia alielewa. Binti zake nao walikuwa hivyohivyo kuhusu nywele. Wiki ya nne alielea. Wiki ya tano alikunywa maji machache kuliko chai. Wiki ya sita alivuka.

Siku ya ukaguzi wanachama walilizunguka bwawa wakiwa na makoti na tai zao, wanafunzi nyuma yao na soda mkononi. Mkaguzi, Bi. Esta, alikuwa na filimbi na karatasi. Philbert alimkabidhi barua ya daktari.

"Sikio," alisema.

"Sikio, Philbert?" alidakia Sedekia, akivua koti. "Mbona jana kwenye simu lilikuwa zima?"

Watu wakacheka. Sedekia akaingia, akavuta pumzi, akaachia ngazi. Katikati ya bwawa aliacha kusonga mbele, akabaki anapapasa tu, na mke wake, aliyekuja kutazama, akafumba macho. "Chifu! Chifu!" wakapiga kelele wanafunzi. Akakumbuka kuku, akatuliza miguu. Mkono wake ukagusa ukuta wa pili.

"Kiti ni chako, Mzee," alisema Bi. Esta.

Makofi yalimlevya. Siri aliyoitunza wiki sita ikamtoka. "Makofi hayo si yangu!" alitangaza, bado yumo majini akipenda kutazamwa. "Mwalimu wangu ni yule pale! Mtoto wa Matema!"

Kila uso ukamgeukia Bupe. Bi. Esta akatabasamu, akapekua karatasi yake.

"Vizuri sana. Tawi la wanafunzi nalo lina kiongozi. Basi mwalimu naye afuate."

Wanafunzi wakaanza kumwimbia. Bupe alipiga magoti ukingoni, akainama mpaka sikioni kwa Mzee Sedekia.

"Babu, usitoke humo," alinong'ona. "Mimi sijawahi kuogelea."